Malalamiko Dhidi ya Kifo cha Bwana Mfano katika Sura ya Sita

Mheshimiwa Baba Mkwe,

Shikamoo.

Jumanne asubuhi, mwenyekiti wa kikosi kazi cha kimataifa cha sera ya afya ya kidijitali alitangaza kwamba Bwana Mfano atafariki dunia katika Sura ya Sita. Alitoa tamko hilo kwa njia ya mtandao, kupitia kompyuta iliyokuwa juu ya meza yetu ya kulia chakula, kati ya bakuli la sukari na mkate. Wajumbe wa nchi nne walikubali. Binti yako, ambaye ndiye aliyemleta Bwana Mfano duniani, naye alikubali. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe mkononi, na hakuna aliyeniuliza.

Nakuandikia rasmi kwa sababu jambo hili limevuka mipaka ya ndoa na kuingia katika mahusiano ya kimataifa, na huko sina mkubwa ninayemfahamu zaidi yako. Pia, kwa heshima zote, unahusika. Binti yako husema kwamba ulipokuwa mwalimu mkuu hukukubali jibu la mwanafunzi yeyote mpaka umwambie, "Toa mfano." Wenzake walipomaliza shule waliliacha neno hilo darasani. Yeye aliondoka nalo.

Nianze na maelezo. Binti yako anaendesha kampuni ndogo ya ushauri. Nasema ndogo bila dharau: ina watu wawili. Wa kwanza ni yeye, Mkurugenzi. Wa pili ni mtaalamu wa kompyuta, mtu mzima mwenye ndevu na familia, ambaye wote tunamwita Mtandao kwa kuwa kila akihitajika hapatikani. Ofisi kuu ya kampuni ni hiyo meza yetu. Mimi hula nikiwa nimesimama.

Kazi yao ni hii. Mashirika makubwa ya nje huandika sera kuhusu taarifa za wagonjwa: zihifadhiwe vipi kwenye kompyuta, nani aruhusiwe kuziona, na hospitali hii isomane vipi na zahanati ile. Wanaoziandika ni watu wenye shahada nyingi na majengo marefu. Sera ikishakamilika, mtu mmoja hugundua kwamba hakuna mgonjwa ndani yake, kama vile mpishi anayekumbuka chumvi wageni wakiwa wameshanawa. Hapo ndipo kampuni ndogo huitwa, ili itie mgonjwa.

Kwenye mkataba imeandikwa kwamba kampuni itawakilisha sauti ya "mtumiaji wa mwisho". Nilimuuliza binti yako huyo mtu wa mwisho ni nani. Alinitazama kidogo, kisha akarudi kuandika.

Ndipo alipozaliwa Bwana Mfano. Ni mgonjwa wa kubuni. Wajumbe humfuata sura baada ya sura ili waone sera inapofanya kazi na inapokwama. Ana umri wa miaka hamsini na sita. Ni msahihishaji katika gazeti. Ana presha. Ana kadi za kliniki tatu tofauti, na kila kliniki ameiambia kwamba ndiyo kwanza anaanza kujisikia vibaya, kwa hiyo kila moja imemwanzishia matibabu upya. Akiulizwa kama ameshameza dawa, hujibu, "Nakuja." Mimi, Baba, nina miaka hamsini na saba, na si msahihishaji, ni mwandishi. Tofauti nyingine nimezitafuta kwa uaminifu na sijazipata.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nilichukuliwa bila kuulizwa.

Nilipolisema hilo, nilijibiwa kwamba taarifa zangu "zimeondolewa utambulisho". Nimechunguza maana yake. Mtu anatolewa jina, halafu kila kitu kingine kinaachwa kama kilivyo. Binti yako aliondoa jina langu akaacha miwani iliyofungwa kwa uzi, mluzi ninaopiga nikipanda ngazi ili nisisikike nikihema, na desturi ya kufungua gazeti kila ninapoulizwa swali. Rasimu hiyo ikapelekwa kwenye warsha ya wadau. Kesho yake nilikuwa napita ng'ambo ya barabara, upande ninaoutumia ili muuza dawa wa kona asinione. Muuza dawa alikuwa mdau. Aliniita kwa upole mkubwa, "Bwana Mfano! Presha inasemaje leo?" Watu waliokuwa kituoni waligeuka. Nikageuka na mimi, kumtafuta huyo Bwana Mfano, lakini upande ule nilikuwa peke yangu.

2. Mfuko wangu wa shati umefanywa chombo cha serikali.

Sera inataka ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa dawa uwe mfupi, wenye heshima, na usiomfedhehesha. Ni sharti zuri. Lakini kabla ya kuupendekeza kwa nchi nne, kampuni ililazimika kuujaribu kwa mtu mmoja. Mtandao, ambaye siku hiyo kwa bahati mbaya alipatikana, aliuunganisha na simu yangu, na kwa kuwa sera inawajali pia wasioona vizuri, akautilia sauti.

Nilikuwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Msemaji alikuwa ametoka kusema kwamba hana la kuongeza, na ukumbi ulikuwa kimya, ndipo mfuko wangu ulipouliza kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, "Mpendwa, umemeza?" Msemaji alidhani ameulizwa yeye. Alijibu kwamba suala hilo liko mezani na linafanyiwa kazi. Gazeti shindani lililiandika jibu hilo ukurasa wa tatu. Tangu hapo chumba chetu cha habari kimeacha kunisalimia kama watu wengine. Naingia, naulizwa kama nimemeza, na kabla sijafungua kinywa mhariri wangu hunijibia, "Yuko mbioni."

3. Sina tena namna ya kubishana nyumbani.

Zamani nilikuwa nikikataa jambo, limekataliwa. Sasa nikikataa, inaandikwa kuwa ni changamoto. Nikikubali, ni mafanikio. Nikinyamaza, ni pengo la takwimu. Juzi nilisema sitaki mtu anipime presha wakati natazama taarifa ya habari. Wiki hiyo hiyo maneno yangu yalitoka katika kiambatisho, yakiwa yametafsiriwa na kutiwa duara, kama "kizuizi cha kitamaduni". Baba, si utamaduni. Nilikuwa natazama taarifa ya habari.

4. Nimepokea rambirambi zangu mwenyewe.

Hili linahitaji maelezo marefu kidogo, nawe kama mwalimu wa Kiswahili utaona kosa lilipoanzia.

Rasimu ina wagonjwa watatu wa kubuni, na binti yako aliwapa vichwa vya habari kama ulivyomfundisha: Mfano wa Kwanza, Mfano wa Pili, Mfano wa Tatu. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mama mjamzito mwenye laini mbili za simu. Wa tatu ni mtoto mwenye pumu anayehamahama shule. Ilipotafsiriwa kwa wajumbe, mfasiri aliyaacha majina kama yalivyo, akidhani ni majina. Mwenyekiti ni mtu makini ambaye hajui neno la Kiswahili. Aliona Mfano, Mfano na Mfano, tena wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu kama wafalme, akahitimisha kwamba hawa ni ukoo. Aliguswa sana. Alisema katika kikao kwamba hajapata kuona familia moja iliyobeba maradhi mengi hivyo kwa uvumilivu. Mjumbe mwingine akapendekeza utafiti wa magonjwa ya kurithi katika ukoo wa Mfano, na kikosi kazi kikauliza kama mzee wa ukoo anaweza kualikwa atoe neno.

Mtandao alicheka mpaka akajificha chini ya meza, kamera isimwone. Binti yako alimwandikia mwenyekiti barua pepe kumfahamisha ukweli. Alikuwa na haraka, akaandika kwa Kiswahili kizuri na kifupi, kama ulivyomlea: "Familia ya Mfano haipo." Mfasiri wao, sijathibitisha kama ni mtu au ni mashine, alitafsiri kwamba familia ya Mfano haipo tena.

Rambirambi zilikuja kutoka nchi tatu. Nchi ya nne ilituma swali: je, walipofariki, taarifa zao zilikuwa zimeshaingizwa kwenye mfumo? Nimezisoma salamu hizo zote. Moja ilisema Bwana Mfano alikuwa mtu wa watu, na kwamba pengo lake halitazibika katika Sura ya Nne. Nimefanya kazi hii ya habari zaidi ya nusu ya maisha yangu na hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo nikiwa hai.

Katika kikao kilichofuata binti yako alisahihisha. Alieleza kwamba hawajafa, kwani hawajawahi kuishi. Kwa mama mjamzito na mtoto, taarifa hiyo ilipokewa kwa furaha. Kwa Mfano wa Kwanza, mwenyekiti alisita. Alisema kwamba ofisi za mawaziri zilizokaa miezi bila kujibu zilijibu mchana mmoja tu baada ya kusikia msiba. Waziri hashtuki kwa mtu mwenye presha, alieleza, kwa sababu hata yeye anayo. Hushtuka kwa marehemu. Kwa hiyo akapendekeza Bwana Mfano afe kweli, barabarani, kati ya kliniki ya pili na ya tatu, kwa kuwa hakuna kliniki iliyoweza kusoma kadi ya mwenzake. Hilo ndilo lililotangazwa Jumanne.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamekuja, Baba, na mwenyeji amepangiwa kufa.

5. Binti yako hakunitetea.

Kikao kilipofungwa nilimuuliza kwa nini asimponye huyu mtu. Ni aya moja tu. Haigharimu chochote, hata dawa yenyewe ni ya kuandikwa. Alisema amejaribu, tena mara mbili. Katika jaribio la kwanza Bwana Mfano anaamka asubuhi, anavaa viatu, anakwenda kliniki. Hapo Mtandao aliingilia.

"Dada, huyu hatukumjenga hivyo," alisema. "Ukimpeleka kliniki kwa miguu yake, msomaji anafunga kitabu."

Nilimwambia Mtandao kwamba haya ni mazungumzo ya mtu na mkewe. Alisema anaelewa kabisa, akavuta kiti akakaa vizuri.

Binti yako alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaiweka juu ya rasimu. Sura ya Sita ilikuwa imeanza na methali aliyoichagua mwenyewe, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wajumbe walikuwa wameuliza kama hiyo ni sheria au ni kanuni.

"Nipe sababu moja ya kuandika kwamba alikwenda," aliniambia. "Moja tu. Naiandika sasa hivi."

Nilimjibu kwamba nina mkutano wa saa nne. Mkutano nilikuwa nao kweli, ingawa ulikuwa wa saa nane. Hakubisha. Alivaa miwani, akamgeukia Mtandao, akasema, "Haya, andika. Barabarani, kama alivyosema mwenyekiti." Nimeripoti vifo vingi, vya watu, vya vyama na vya viwanda. Sijawahi kusikia kimoja kikiagizwa mbele yangu, tena na mtu aliyekuwa ananikatia mkate.

6. Mjane anaendelea vizuri mno.

Sura ya Saba inahusu nani anaruhusiwa kuona taarifa za mtu aliyefariki. Niliisoma kwa kuwa kompyuta iliachwa wazi, na kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Humo mjane wa Bwana Mfano anapewa faili la marehemu, analia nusu aya, kisha anapata nafuu. Kufikia ukurasa wa pili ameshapaka sebule rangi. Meza yake ameihamishia dirishani, kwenye mwanga, mahali ambapo hivi sasa pana kiti changu. Analala bila kusikia mtu akikoroma, na jambo hilo limeorodheshwa chini ya "matokeo yanayopimika".

Katika ukurasa wa nne anaingia afisa wa afya, "mwenye subira na anayesikiliza". Maneno hayo niliyasoma mara mbili. Hakuna afisa mwingine katika rasimu nzima aliyepewa sifa. Wengine wote ni "husika": afisa husika, kituo husika, idara husika. Huyu peke yake ana subira. Katika Sura ya Nane anarudi nyumbani kwa mjane kuhakiki taarifa, na anakaribishwa chai. Nimeuliza watu wawili wanaojua mambo haya. Wote wamenithibitishia kwamba taarifa hazihakikiwi mara mbili, na kwamba kuhakiki hakuhitaji chai.

Nilimuuliza binti yako afisa huyu ametokana na nani, maana Bwana Mfano tunajua ametokana na nani. Alisema ni wa kubuni tu. Nilitaka kujua kwa nini basi mimi sikubuniwa. Alisema, "Wewe ulikuwepo tayari."

Kwa sababu hizo, Mheshimiwa Baba, na kwa kuwa maji yamenifika shingoni, ninaomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

(a) Umwamuru binti yako amwache Bwana Mfano hai mpaka ukurasa wa mwisho, lakini bila kumpeleka kliniki, kwa kuwa hata Mtandao amekiri kwamba hilo haliaminiki. Njia ya kupona waichague wenyewe. Anaweza kupona kwa kupumzika, au kwa tangawizi, au kwa mabadiliko ya serikali.

(b) Kipimo cha presha kilichotajwa katika Sura ya Tatu kipunguzwe. Ni kikubwa kupita kiasi. Mtu mwenye presha hiyo hawezi kupanda ngazi akipiga mluzi. Isitoshe, kina chanzo kimoja tu, naye ni mke.

(c) Iandikwe ndani ya sera, kwa nchi zote nne, kwamba ni marufuku mke kujua hali ya afya ya mumewe kwa njia yoyote ile, iwe ni kwa kompyuta, kwa simu, kwa muuza dawa, au kwa kumtazama tu anavyoinama kufunga kamba za viatu. Najua nchi hizo zina wake wengi na utekelezaji utakuwa mgumu. Kikosi kazi kipo kwa ajili hiyo.

(d) Afisa mwenye subira ahamishiwe kituo cha mbali. Kisiwe na barabara.

(e) Yakishindikana yote, kampuni ihamie kwako. Meza yako ni kubwa, na wewe, kwa jinsi ninavyokufahamu, una maradhi kadhaa ambayo hujamwambia mtu. Binti yako hatakosa kazi.

Naomba jibu lako kabla sura haijatumwa. Ukichelewa nitalazimika kulipeleka suala hili kwenye vyombo vya habari, na kama unavyojua, sina safari ndefu.

Msalimie sana Mama, umwambie zawadi yake ya taa imefika salama na kampuni inaitumia. Wasalimie mashemeji wote, hasa yule mkubwa aliyeniambia siku ya harusi kwamba dada yao hasahau kitu, nilidhani ananisifia. Msalimie na jirani yako mwenye redio. Sisi huku hatujambo, isipokuwa aliyetajwa.

Wako katika heshima na lawama,

Mkweo,
Mfano wa Kwanza (ambaye bado yupo)

Tanbihi. Barua hii haikutumwa siku niliyoimaliza. Nilipoipitia kabla ya kufunga bahasha niliona kwamba ombi (b) lina udhaifu. Nilikuwa nimeandika kwamba kipimo cha Sura ya Tatu kimetiwa chumvi, na sikuwa na kipimo cha kukikanusha. Mimi sitoi kanusho bila takwimu. Kwa hiyo leo asubuhi, kwa madhumuni ya uchunguzi tu, nilikwenda kliniki, nikakaa kwenye benchi, na zamu yangu ilipofika nikamwomba muuguzi namba na si zaidi.

Alinifunga mkanda mkono wa kulia, akatazama, akaufungua, akaufunga wa kushoto. Aliniambia nikae. Nilikuwa nimekaa. Akauliza nimekuja na nani, nikasema peke yangu. Akaniandikia ile namba kwenye karatasi kwa kuwa niliiomba. Naripoti kwamba kipimo cha Sura ya Tatu si sahihi. Changu ni kikubwa zaidi.

Muuguzi alitaka kujua nimewahi kutumia dawa zipi. Nilijua moja ni nyeupe. Kadi zangu ni za kliniki tatu ambazo hazisomani, na yeye alikuwa wa nne. Nikampigia simu mke wangu. Hakuuliza niko wapi wala kwa nini. Alisema, "Subiri," nikasikia karatasi zikifunuliwa, kisha akasoma taratibu, muuguzi akiandika: dawa iliyonivimbisha miguu, dawa iliyonikohoza, ile niliyoiacha baada ya wiki nikasema imeniponya, mwaka na mwezi wa kila moja. Muuguzi aliinua kichwa, akauliza kwenye simu, "Mama, taarifa hizi zote ni za nani?"

Nilitegemea jibu la kitaalamu.

"Za mume wangu," alisema.

Kulikuwa na sehemu ya kutia saini, kama naridhia mke wangu ajulishwe kila kitu kinachohusu afya yangu, leo na siku zijazo. Nilisaini. Kalamu ilikuwa ya muuguzi, nikaondoka nayo kwa kusahau, nitairudisha.

Kwa hiyo, Baba, maombi (a), (b), (c) na (e) uyahesabu hayakuandikwa. Ombi (d) linabaki kama lilivyo.

Mtandao amesoma aya mpya ya Sura ya Sita, ambamo Bwana Mfano anakwenda kliniki, na kusema bado haiaminiki. Mke wangu amemwambia aiache hivyo hivyo, ila hataituma kwanza, mpaka aone kama nitarudi kliniki mara ya pili. Nimepangiwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, na atanisindikiza. Sura ya Sita inatumwa kwa mwenyekiti Ijumaa.